Fundi Aliyeketi Nyuma

Mikutano ya nyumba kumi kumi kwetu Kirumba, Mwanza, ilifanyika nyuma ya nyumba ya balozi wetu wa Chama, mahali ambapo jabali kubwa hutupa kivuli kuanzia alasiri. Benchi za mbele walikaa wazee. Katikati, kwenye mikeka, walikaa akina mama na watoto wao. Nyuma kabisa, juu ya mawe, tulikaa sisi vijana, tukitafuna miwa na kuomba mkutano uishe.

Fundi, mshona nguo wa mtaa wetu, alifika kabla ya watu wote. Alisaidia kupanga benchi, akazifuta vumbi kwa kitambaa alichokuwa nacho, halafu akaja nyuma kukaa nasi. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko za balozi.

Hakusema neno. Hata lilipozungumzwa suala la mtaro uliokuwa ukimwaga maji ndani ya kibanda chake kila masika, hakunyoosha mkono. Aliniinamia akaninong'oneza: "Sema wewe. Sema mtaro ugeuzwe pale penye mpapai, maji yatafuata mteremko yenyewe." Nikasimama nikasema. Nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, na wazee wakageuka kunitazama kwa mshangao. Mtaro ukageuzwa, na kwa muda mrefu mama yangu aliwaambia watu kwamba mwanawe ana akili ya uhandisi.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu ukimya huo. Balozi, Mhaya aliyewahi kuwa karani bandarini, alisema, "Watu wa pwani wanatuona washamba, ndiyo maana hataki kuchangamana na wakubwa." Mama alisema ana haya tu. Mimi, nilipomaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, Mlimani, niliamua kwamba Fundi ni mtu aliyenyamazishwa na ukoloni. Wakati ule nilikuwa na jibu la kila kitu, hasa kwa maswali ambayo hakuna aliyeniuliza.

Watu walimwita Fundi, au Fundi Mngazija, na watoto wa mtaani walidhani Mngazija ni jina la baba yake. Mimi nilitafuta Ngazija, yaani visiwa vya Komoro, kwenye atlasi ya shule. Nilikuta vitone vinne baharini, kati ya bara na Bukini, yaani Madagaska, vidogo kama makombo ya mkate kwenye kitambaa cha meza. Nikaenda kumwambia kwamba nchi yake yote inaingia chini ya ukucha wa kidole changu.

"Basi kata kucha," alinijibu, akaendelea kushona.

Kibandani mwake mlikuwa na cherehani ya miguu, pasi ya mkaa, na redio aliyoivalisha gauni la kaki. Alishona sare za shule, na kulipokuwa na uhaba wa nyuzi alifumua mashati mabovu, akazungusha uzi wake kwenye kijiti. Alipanda baiskeli mpaka Buswelu na Usagara kupima watoto wa vijiji vya ujamaa, na akirudi alikuwa ameweka vipimo vyote kichwani. Pindo la kaptula aliliacha refu sana. Wazazi walilalamika. "Nguo ya mtoto inashonewa mwili wa mwakani," aliwaambia. Mwakani lilikuwa neno lake. Ukimuuliza lini ataziba paa, mwakani. Lini atakwenda kwao, mwakani.

Nilichelewa sana kuona jambo jingine ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu. Watoto walipomwamkia shikamoo, aliitikia, "Marahaba, mwenzangu." Mwenzangu! Mtoto wa darasa la pili! Watoto walicheka na kurudi tena na tena kumwamkia ili waitwe wenzake. Nasi wakubwa tulidhani ni mzaha wake wa kawaida.

Kwa mtu wa visiwani, alikuwa na ugomvi wa ajabu na maji. Ziwa letu alilidharau waziwazi. "Hili si bahari," alimwambia mama yangu, ambaye ni Mkerewe na hapendi ziwa lisemwe vibaya. "Hili ni bakuli. Mtu aliteka maji, akasahau kuyanywa."

"Bakuli hilo limemeza wanaume wenye kiburi kama chako," mama alimjibu. "Nenda ukaoge basi, tukuone."

"Mimi? Na mamba humo?"

"Sema hujui kuogelea."

"Sijui," alisema Fundi. "Kwani kuku anajua kuruka kwa sababu ana mabawa?"

Wale wawili walielewana kwa sababu wote walitoka kisiwani. Mama alisema Ukerewe ilikuwa nchi kamili, na mtemi wake na ngoma zake, kabla wengine hawajajua kuchemsha samaki. Fundi alisema Ngazija kila mji ulikuwa na mfalme wake, na wafalme walikuwa wengi kuliko mbuzi. Mimi nilikaa kizingitini nikiwapinga wote wawili. Niliwaambia mataifa yote ni hadithi zilizotungwa na watawala ili watu wakubali kutawaliwa.

"Kwa hiyo Tanzania nayo ni hadithi?" Fundi aliuliza, akitazama huku na huku kama anamtafuta balozi.

"Tanzania ni mradi," nilisema. "Ngazija yako ni nini?"

Alifikiri, sindano ikiwa mdomoni. "Nchi ni watu wanaojua pa kukuketisha."

"Basi nchi ni mkeka?"

"Ni mkeka, kijana. Wewe umekaa wapi?"

Nilikuwa nimekaa kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Mama alicheka mpaka akafuta machozi.

Kabla ya kuja Mwanza, Fundi aliishi Unguja miaka mingi. Aliondoka huko baada ya mapinduzi, wakati Wangazija walipoanza kuulizwa wao ni wa nani hasa. Hakupenda kuzungumza habari hizo, na hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba alichoka kuulizwa, akavuka bahari, akapanda treni mpaka mahali ambapo reli inaishia. Huko Unguja alikuwa na mke, aliyekataa kumfuata bara. Kwa hiyo alikuwa mtu aliyewahi kuoa, mwenye mvi, mwenye kazi yake. Sikuona ni nini kingine kilichotakiwa ili mtu ahesabiwe mzee.

Nikajua siku ya uchaguzi. Msaidizi wa balozi alikuwa amehamia Nyegezi, na mwingine alitakiwa. Muuza dagaa mmoja, mama mwenye sauti, akasimama. "Mimi nampendekeza Fundi. Hanywi, hagombani, na mkutanoni anafika mapema kuliko nyinyi wote."

Watu wakapiga makofi. Balozi akanyoosha shingo kutazama nyuma. "Fundi, umesikia. Njoo mbele."

Fundi aliinamisha kichwa. Akaninong'oneza, "Waambie siwezi."

"Waambie mwenyewe, Fundi. Wanakusubiri."

"Waambie."

Nikawaambia. Balozi akakasirika. "Huyu ana ulimi au hana? Mtu akienda kibandani kwake anataka suruali ya kubana, ulimi anao!"

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, akiwa palepale juu ya jiwe.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata kibandani. Nilikuja na hasira ya msomi. Nilimwambia kwamba wananchi wamempa heshima naye ameitupa, na kwamba watu wa aina yake ndio wanaowaachia wajinga uongozi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Kwetu," alisema, "mwanamume ana ndoa mbili. Ndogo na kubwa. Ndogo ni ya kuishi na mke. Kubwa ni ya mji mzima."

Akanieleza. Katika ndoa kubwa huchinjwa ng'ombe, hupikwa wali wa kulisha mitaa, bibi harusi huvishwa dhahabu, na ngoma huchezwa wiki baada ya wiki. Mwanamume hutumia nusu ya maisha yake kuiandaa. Akishaifanya huitwa mtu mzima. Huvaa mharuma, kitambaa cha heshima cha begani. Huketi mbele kwenye uwanja wa mji, na akisema, watu husikiliza. Asiyeifanya, hata akiwa na wajukuu, ni mtoto. Huketi nyuma, hukata nyama, huandalia wengine, na wakubwa wakizungumza hunyamaza.

"Na wewe?"

"Mimi ni mtoto."

"Fundi, una mvi!"

"Mtoto mwenye mvi. Kwetu wako wengi."

"Lakini hapa ni Mwanza. Hakuna anayejua."

"Mimi najua," alisema.

Nilimshambulia. Nilisema huo ni ukabaila mtupu, kwamba karamu moja inakula shule nzima na zahanati yake, kwamba heshima haiwezi kupikwa kwenye sufuria. Kila niliposema, alijibu, "Ni kweli." Hakuna kitu kinachochosha katika mabishano kama mtu anayekubali. Mwishoni akauliza, "Na kwenu mtu anakuwaje mkubwa?"

"Kwa kazi. Kwa kujitolea kwa ajili ya wenzake."

"Na wale wa benchi la mbele, wote walijitolea?"

Nilimfikiria mmojammoja wa benchi la mbele. Nikaaga.

Sikuwahi kuielewa vizuri tabia yake hiyo, na sidhani kwamba naielewa leo. Alikimbilia mahali ambapo sheria ya kwao haikujulikana, kisha akawa mtu pekee aliyeitii. Huenda kuitii ndiko kulikombakiza Mngazija. Asingeketi nyuma, angekuwa fundi tu, kama fundi yeyote wa Kirumba. Hayo ni mawazo yangu. Yeye angesema, "Ni kweli," na nisingejua kama amekubali.

Lakini jambo hilo halikuwa lake peke yake. Alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja, aliyebaki Ngazija kulinda nyumba ya mama yao. Na kwa mila yao mdogo hampiti mkubwa. Mpaka Fundi afanye ndoa kubwa, au atamke mbele ya mashahidi kwamba amempisha, mdogo wake naye aliketi nyuma, akizeeka. Kila msafiri aliyetoka visiwani kupitia Unguja akafika Mwanza alileta salamu, na ndani ya salamu swali moja: "Kaka, lini?" Fundi alirudisha jibu lake: mwakani.

"Si umpishe tu?" mama alimwambia siku moja, akipekua maharage. "Wewe uko huku unakula sato. Mwenzio unamweka foleni ya nini?"

"Dada, nikimpisha nimekwisha. Hakuna kurudi. Nitakuwa mtoto mpaka kaburini, na watakaonizika watajua wanazika mtoto."

"Na yeye asipopita?"

Fundi alikanyaga cherehani bila nguo chini ya sindano.

Katikati ya miaka ya sabini visiwa vyao vikapata uhuru. Fundi alifunga kibanda, akapika pilau kwenye sufuria ya kuazima, akatulisha mtaa mzima. Siku ile alimpakulia kila mtu kwa mkono wake na mwenyewe akala ukoko. Haikupita muda tukasikia kwamba kisiwa cha nne, Maore, kimebaki na Wafaransa. Vijana wa mtaani hawakumwonea huruma. "Fundi, vimebaki vitatu!"

"Meza ikikatwa mguu mmoja," aliwaambia, "huiiti meza ya miguu mitatu. Unaiita meza iliyovunjika."

Mimi nilimwambia watu wa Maore wameamua wenyewe. Akaniuliza: "Ndugu akihamia kwa jirani kwa sababu mlimnyanyasa, kosa ni la nani?" Hilo sikulitegemea. Nilidhani atawatukana Wafaransa.

Kisha zikaja habari ambazo mimi nilizisubiri kuliko yeye. Nilikuwa likizo. Redio ilisema kwamba utawala mpya wa visiwa, utawala wa vijana, umepiga marufuku ndoa kubwa. Nilikimbia mpaka kibandani.

"Fundi! Umesikia? Wamefuta! Hakuna tena mtoto wala mtu mzima, wote wananchi!"

"Nimesikia."

"Basi uko huru. Wewe na ndugu yako. Bila ng'ombe hata mmoja!"

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Niambie, msomi. Umekaa darasani miaka na miaka unasubiri mtihani. Siku moja wanakuja wanaifunga shule. Umefaulu?"

"Hapana, lakini..."

"Umefeli?"

"Hapana."

"Sasa wewe ni nani?"

Nilianza kueleza kwamba swali lenyewe ni la kizamani. Mama, aliyekuja kuchukua gauni lake, alinikatiza. "Walipofuta watemi kwetu Ukerewe, mjomba wangu alikuwa mpiga ngoma wa mtemi. Wakamwambia, sasa uko sawa na watu wote. Akasema, nilikuwa sawa na watu wote tangu zamani, tofauti ni kwamba leo sina ngoma." Akalipokea gauni, akalipima kifuani. "Wewe mtoto, acha kumpongeza mtu aliyefiwa."

Naandika haya bila kubadili msimamo. Naamini vijana wale walikuwa na haki. Mila inayomfanya mzee wa mvi akae kimya penye mtaro unaomfurikia si mila ya kuililia. Lakini nilikuwa nimemletea Fundi uhuru kama mtu anayeleta kanzu bila kuchukua vipimo, naye alinionyesha mahali inapobana.

Utawala ule haukudumu. Miaka michache baadaye uliangushwa, na ndoa kubwa zikarudi kwa kishindo. "Wamefungua shule," Fundi aliniambia, akitabasamu kidogo tu. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na watoto wa jirani ndio waliomtungia uzi. Sote tulijua kwamba hakuna mwakani itakayomfikisha kwenye ndoa hiyo.

Mimi nilipangiwa kufundisha Tabora. Nilikuwa huko alipofanya uamuzi wake, na habari nilipewa na mama. Mfanyabiashara mmoja wa Kingazija alikuwa amepita akielekea Bukoba, na wakati wa kurudi Fundi alimzuia kibandani. Alitaka mashahidi. Balozi hakuwepo, basi akaitwa muuza dagaa, akaitwa na mama.

"Mimi, Mkerewe, shahidi wa Wangazija!" mama alisema, na hakuificha fahari yake.

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mwambieni apite.'"

"Basi?"

"Basi. Kisha akaniuliza kama nimeleta ile sketi ya kupunguza kiuno."

Mara ya mwisho nilipomwona Fundi ilikuwa mwaka uliofuata, likizo ya Desemba. Mdogo wake alikuwa ameshafanya ndoa yake kubwa, akafunga safari ya meli na treni kuja kumwona kaka, kwa mara ya kwanza tangu ujana wao. Fundi aliniomba nimsindikize stesheni kwa sababu ya macho. Alikuwa amevaa shati jeupe alilojishonea, na pindo la mkono mmoja lilikuwa refu kuliko la mwingine. Sikumwambia.

Tulisubiri treni ya kutoka Tabora, iliyochelewa kama desturi yake. Nilimuuliza kama anajuta.

"Wewe ungetaka nijute au nisijute?"

"Nataka kujua ukweli."

"Nilimchelewesha sana," alisema. "Hilo ndilo. Jingine lolote ni la kubishana nawe, na leo sina nafasi."

Treni ikaingia. Abiria walimwagika na vikapu vyao, kuku, magodoro. Fundi alinishika mkono. "Niambie ukimwona. Atakuwa na mharuma begani."

Nilimwona. Alishuka taratibu behewa la mwisho, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe, kitambaa cha nakshi begani, na sanduku la bati mkononi. Alikuwa na pua ya Fundi. Nikamwongoza Fundi mpaka mbele yake. Wakatazamana.

Nilitegemea wakumbatiane. Badala yake Fundi, aliyekuwa mkubwa, aliyembeba huyu mgongoni walipokuwa wadogo, aliinama. Akanyoosha mikono yote miwili na kumwamkia mdogo wake kwa neno la kwao ambalo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu yeyote Mwanza:

"Kwezi."

Ni shikamoo yao. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mzigo kichwani alisimama kushangaa mzee akimwamkia mzee mwenzake kwa kuinama vile.

Mdogo wake midomo ilimcheza. Nilimwona akitaka kukataa, akitaka kumwinua kaka yake na kumwambia acha mambo haya. Mimi mwenyewe nilitaka akatae. Lakini kama angekataa, ule wali wote na wale ng'ombe wote wangekuwa bure, na neno alilotamka Fundi mbele ya wanawake wawili wa Kirumba lingekuwa bure kuliko vyote. Alijikaza, akasimama wima kama mtu mzima anavyotakiwa kusimama. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu, naye hakuyafuta.

"Mbona," aliitikia, nayo ndiyo marahaba ya kwao.

Hapo ndipo walipokumbatiana, wakacheka, wakasemezana Kingazija kwa kasi ambayo hakuna Mswahili angeifuata. Nikainama kuchukua sanduku la bati, maana nilikuwa kijana kuliko wote pale.

Fundi alinigonga mkono kidogo.

"Acha," alisema. "Mzigo anabeba mdogo."

Akalipapasa mwenyewe mpaka akakishika kishikio vizuri, akalinyanyua, akatoka stesheni akimfuata ndugu yake kwa nyuma.